Bamvua la Nyamisati

Kibiti, Ijumaa 5 Septemba 2025
Nimekuwa nikimsoma Theodore Roszak, Mmarekani ambaye mwaka 1992 aliandika kwamba nafsi ya mtu haiponi ikitengwa na ardhi inayoibeba. Nimewafikiria wanafunzi wangu. Wamezaliwa kando ya barabara ya Lindi, na wengi hawajawahi kukanyaga tope la delta ya mto Rufiji. Ukoo wao ni watu wa mto. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamishia wakazi wa bondeni kwenye miinuko. Walisogezewa shule na zahanati, ila wakaenda mbali na madungu yao (vibanda vya juu shambani) na mashamba ya mlau, yaliyolimwa maji ya mto yakishapungua. Kesho nitawapeleka wanafunzi Nyamisati, kando ya delta.

Nyamisati, Jumamosi 6 Septemba
Maji yamekupwa sana saa nne asubuhi. Mimi na wanafunzi tumeingia mikokoni peku, tukiongozwa na mvuvi mzee. Ametutajia miti mmoja mmoja: mlilana unaotazama bahari, mchu wenye mizizi iliyochomoza topeni ili ivute hewa, mkandaa ambao gome lake hutoa rangi. Msichana mmoja ameshika kichipukizi cha mkoko, kijani, kirefu kama kalamu, bado kinaning'inia mtini.
"Babu, mbona kimeota kabla ya kuanguka?"
"Ili maji yasikikute hakina mguu, mjukuu wangu."
Amerudia kukitazama mara nyingi.

Nyamisati, Jumapili 7 Septemba
Usiku huu mwezi umepatwa. Kufikia saa mbili na nusu ulikuwa mwekundu wote. Msikitini wameswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Watoto wamekaa ufukweni wakiuliza kama maji nayo yatabadilika. Nimewaeleza kwamba jua, dunia na mwezi vimekaa mstari mmoja, na kukaa huko ndiko pia kunakoleta bamvua, maji yanayojaa na kupwa kuliko kawaida. Mzee akaongeza kwamba mwezi ukifika nusu watayaona maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na wavuvi watabadili saa za kutoka. Wamelielewa somo la maji kujaa na kupwa kwa kutazama juu na chini.

Kibiti, Jumanne 9 Septemba
Darasani nimewaomba waandike neno kuhusu mto. Kabla ya safari wengi walisema "mafuriko", maana Aprili 2024 maji yalimeza mashamba ya Rufiji na Kibiti, na hivyo ndivyo walivyoujua. Leo nimesoma "mchu", "kaa", "bamvua". Hofu yao haijaisha, wala sitaki iishe, mto unaua. Lakini mtu anayeuona mto siku ya maafa tu hawezi kuupenda, na asichokipenda hatakilinda. Mikoko ya delta hii ni zaidi ya hekta 50,000, na inafyekwa kwa ajili ya boriti na mashamba ya mpunga. Kesho nitamwomba Mwalimu Mkuu mambo mawili: kila darasa lishuke Nyamisati wakati wa bamvua, na yule mzee alipwe posho kama mwalimu mgeni yeyote, kwa sababu somo ni lake.