Kwa mguu, toka Kadutu mpaka ziwani



Siku ya Posho tulitoka sokoni Kadutu saa moja asubuhi, wamama tisa na mabinti wetu, tukashuka kwa mguu mpaka La Botte, kwenye maji ya ziwa Kivu. Hakuna aliyepanda moto.

Sababu ni binti wetu mmoja wa miaka 15. Masomoni walimwita "Lori" kwa ajili ya unene wake. Akaacha kula asubuhi na mchana, mpaka akaanguka darasani. Tulifikiri ni malaria, kumbe ni njaa. Na sisi walimu jina lile tulilisikia, tukacheka. Hilo tunaliungama hapa.

Bukavu yetu iko juu ya vilima, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Zamani tulipanda na kushuka kila siku: maji, soko, masomo. Leo mtoto anapanda moto, akirudi anashika telefone, na kiu anaikata na sukre. Chupa moja ndogo ina zaidi ya gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai! Shirika la Afya Duniani linasema kijana atembeze mwili wake dakika 60 kwa siku. Vilima vyetu vinatupa hizo bila kulipa franga.

Nyawera tulinunua lengalenga na sambaza. Samaki huyu bibi zetu hawakumjua wakiwa wasichana: aliletwa toka ziwa Tanganyika mwaka 1959. Leo ni chakula cha kila nyumba. Basi desturi ya sahani inaweza kugeuka, hata kwa uzuri.

Kandokando ya maji tulikula wote sahani moja: bugali kidogo, mboga nyingi, sambaza. Binti yetu alikula pamoja nasi, na hakuna aliyemhesabia matonge.

Kurudi ndiko kulikuwa kazi. Tulihema, tukakaa chini mara tatu. Mabinti walitucheka, na yeye ndiye aliyetubebea kikapu mpaka juu.

Wamama, mwili wa miaka 15 ungali unajengwa, tusiunyime chakula. Tugeuze sahani ya nyumba nzima, baba pia. Na ulimi wetu tuufunge: "umenona" na "umekonda" si salamu.

Posho ijayo, saa moja, sokoni Kadutu. Njooni na mabinti, na vijana wa kiume vilevile.