Patrol la Binamu na Farasi Waliozaliwa Kwenye Karatasi



Mdogo wangu, niko Sharjah, ambako Oktoba bado haijapata habari kwamba kiangazi kimekwisha. Uliniagiza nisirudi Mombasa bila kujua lile Patrol la binamu yetu lina farasi wangapi. Jibu ninalo, tena ninayo manne, na yote yametolewa na mashine moja katika asubuhi moja. Subiri nifike huko.

Tulitoka Maskati alfajiri kuja Sharjah, mimi na binamu, bahari kulia, milima ya Hajar kushoto. Gari unalijua kwa picha: Patrol jeupe la umbo la Y61, lile la pembepembe, ambalo huku utaliona likishusha watoto shuleni. Chini ya boneti mna injini ya TB48, silinda sita kwa mstari, lita 4.8, bloku ya chuma cha kusubu. Kiwandani ilitoka na farasi wasiofika 300. Watu wa Ghuba waliipenda kwa sababu chuma chake kinavumilia. Binamu ametia pistoni na mikono ya kufuliwa, tabo (turbo) moja kubwa kama sufuria ya pilau la harusi, na pampu tatu za petroli.

Ukiuliza kwa nini gari la familia litiwe vitu hivyo, jibu ni mchanga. Kule Liwa, kusini ya Abu Dhabi, kuna tuta linaloitwa Tal Moreeb, lenye urefu wa karibu mita 300 na mteremko wa kiasi cha nyuzi 50, na watu hushindana kulipanda kwa magari. Mchanga hunywa nguvu. Mwanamume akishapanda tuta, hushuka na wazo la kuongeza tabo, na wazo hilo humfuata mpaka mjini.

Sasa nikwambie lilivyo barabarani. Linachosha! Kikomo cha kasi kwenye barabara kuu ya Batinah ni kilomita 120 kwa saa, na nimekaa nikapiga hesabu: kusukuma sanduku la tani mbili na nusu kwa kasi hiyo kunataka farasi 60 hivi. Waliobaki wamelala, lakini kula wanakula. Klachi ngumu kama kusukuma ukuta, eksozi inavuma hata ukisema neno unalirudia, na ukikanyaga mafuta mizunguko ikiwa chini hakuna linalotokea. Unangoja. Unaanza kutilia shaka habari zote ulizosikia, kisha tabo inajaa na shingo inarudi kwenye kiti kwa nguvu nisiyoweza kukueleza kwa heshima. Nilisema "basi" kabla ya gia ya tatu, na binamu alicheka mpaka Sohar, tulikosimama kwa chai ya karak na mkate wa rakhal.

Kwenye mafuta ndiko kwenye maumivu. Injini ya petroli inayotoa farasi 1,000 kwa kweli hunywa karibu lita sita kwa dakika muda wote mguu ukiwa sakafuni. Bahati nzuri mguu haukai sakafuni dakika nzima. Barabara na polisi hawaruhusu. Kwa safari za kawaida anatia petroli ya oktani 98 na kompyuta ya injini ina mpango wa upole. Ule mpango mkali unataka mafuta ya mashindano, na hayo hayauzwi kila kituo. Tulipoingia foleni ya jioni kati ya Dubai na Sharjah, joto la maji lilianza kupanda, akazima kiyoyozi. Nguvu zote hizo, na tumefungua madirisha kama abiria wa matatu.

Kesho yake tukaenda gereji kulipima kwenye daino, mashine ya kupimia injini. Mafundi walitoa magurudumu ya nyuma kabisa wakafunga mashine mbili moja kwa moja kwenye habu, maana kwa nguvu hizo tairi huteleza juu ya rola za daino ya kawaida na namba ikawa ya uongo. Jua jambo moja ambalo vijana wa daino hawakuambii: hakuna mashine inayopima farasi. Inapima nguvu ya kusokota na mizunguko kwa dakika, basi. Farasi hupatikana kwa kuzidisha: nyutoni-mita mara mizunguko, gawanya kwa 7,121. Yote yanayofuata baada ya hapo ni mazungumzo.

Namba ya kwanza ilikuwa 870. Hiyo ndiyo iliyofika kwenye habu, siku hiyo, ndani ya joto la nyuzi 38.

Fundi akabofya, ikawa 908. Hayo ni marekebisho ya hali ya hewa: hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo programu inakisia injini ingetoa nini kwenye nyuzi 25. Akabofya tena, ikawa 1,072. Hapo ameongeza asilimia 18 kwa ajili ya nguvu inayodhaniwa kupotea kwenye giaboksi, propela na difu. Inayodhaniwa, kumbuka, hakuna aliyeipima. Mwisho akabadilisha kipimo kutoka farasi wa Kiingereza, wati 746, kwenda farasi wa Kijerumani, wati 735 na ushee, ikawa 1,087. Farasi 217 wamezaliwa na hakuna aliyeshika spana. Karatasi iliyochapishwa, na ambayo binamu atawaonyesha wenzake, ni ya 1,087. Simlaumu, ila nami nilikuwepo.

Basi tukalipeleka kwenye mizani ya malori, likawa kilo 2,500 na dereva ndani. Jumatano usiku tukaenda Abu Dhabi, kisiwa cha Yas, kwenye njia ya mashindano ya mita 402 iliyo pembeni ya uwanja wa Formula 1, ambako watu wa kawaida hufunguliwa mlango, wakakaguliwa, wakavaa kofia, wakakimbia kihalali. Saa ya uwanja haijui jamaa ya mtu. Patrol lilivuka mstari kwa kilomita 210 kwa saa.

Wazee wa mchezo huu wana hesabu yao. Chukua kasi ya mwisho, gawanya kwa 377, jibu lipandishe hadi kipeo cha tatu, kisha zidisha kwa kilo na kwa 2.2. Nikapata 950. Ni makadirio, na gari lenye uso wa kabati hupunjwa kidogo na upepo, lakini namba hiyo naiamini kuliko ile ya karatasi, kwa sababu imetokana na uzito uliosogezwa kweli.

Hapa ndipo ninapokuja kwako na Subaru yako. Nairobi mko juu kiasi cha mita 1,800, na pale programu ya daino huongeza zaidi ya asilimia 20 ikiambiwa irekebishe kwa usawa wa bahari. Kanuni hiyo iliandikwa kwa injini zinazovuta hewa zenyewe. Tabo yako ikikuta hewa nyepesi huzunguka kwa kasi zaidi ikajaza pengo lenyewe, kwa sehemu kubwa. Ukiongeza na asilimia za kompyuta umelipwa mara mbili kwa kazi moja. Wale farasi 400 wako, ndugu yangu, mwombe fundi akuchapishie upya bila marekebisho.

Au fanya hivi: lipime gari kwenye mizani ukiwa ndani, ungoje siku ya mashindano yaliyoruhusiwa, si Thika Road saa saba za usiku, kisha uniandikie namba mbili tu, kilo na kasi ya mwisho. Hesabu nitakupigia mwenyewe, na nitamsomea Mama kabla sijakusomea wewe.