Tope la Sabaki Lina Kwao

Ukitoka Malindi kwenda Mambrui, barabara huvuka daraja la Sabaki. Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimenyesha bara, mto huwa umefura hadi kingoni, mwekundu, umebeba magogo, mabua ya mahindi na povu.

Tuliteremka kwa miguu hadi mlangoni mwa mto. Nilikuwa nimefuatana na mtafiti wa bahari aliyekuwa akikusanya sampuli, pamoja na mzee wa Kigiriama aliyevua hapa tangu ujana wake. Viboko walikuwa wamezama, pua tu juu ya maji. Mchanga tuliokuwa tukiukanyaga ulimetameta kwa vipande vyembamba vya mika, na vingine vikatunata miguuni. "Wageni huuliza kama ni dhahabu," mzee akacheka.

Mbele yetu bahari ilikuwa imegawanyika: huku wekundu, kule buluu, na kati yake ukingo wa povu. Kaskazi ilikuwa imeanza kuvuma, kwa hiyo tope lilipinda kuelekea kusini, Malindi. Wakati wa kusi huelekea Mambrui na Ngomeni.

"Hayo ni maji ya bara," mzee alisema.

"Bara ipi, mzee?" mtafiti akauliza, akifunga kifuko cha tope na kukiandika tarehe.

Swali hilo ndilo lililomleta. Mto huu huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi. Hupita Ukambani, hupokea Mto Tsavo kutoka upande wa Kilimanjaro na kuitwa Galana, kisha hufika pwani kwa jina la Sabaki. Njiani hula miamba ya kila namna. Juu kuna lava, ukiwemo Uwanda wa Yatta, ambao ni mtiririko mmoja wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300. Ukambani na Tsavo kuna miamba geu iliyoiva kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mika hutoka humo. Karibu na pwani kuna mawe ya mchanga ya Duruma. Kila mwamba huchangia, na yote ikifika baharini imevaa wekundu uleule.

Mika inasaidia, lakini ni ushahidi wa mchanga tu. Tope laini, lile linalokwenda mbali na kutulia sakafuni mwa bahari, halina chembe ya kutambulika kwa macho. Hapo ndipo kemia inapoingia. Kwanza sampuli huoshwa kwa asidi hafifu, mara nyingi ile ya siki, ili chokaa ya makombe na matumbawe iondoke na kibaki kilichotoka nchi kavu tu. Kisha hupimwa neodimiamu, metali ambayo mwamba ukisagika hubaki ndani ya tope badala ya kuyeyuka na kupotea majini.

Mashine hulinganisha atomi zake za uzito wa 143 na za 144. Zile za 143 huongezeka polepole mno, kwa sababu huzaliwa samariamu inapooza, na nusu ya samariamu hiyo huchukua miaka bilioni 106 kuoza. Miamba ya kale ya bara ina samariamu haba ikilinganishwa na neodimiamu yake, kwa hiyo uwiano wake umebaki chini. Lava iliyopanda karibuni kutoka tumboni mwa dunia ina uwiano wa juu. Tope la mchanganyiko huangukia katikati, na jinsi linavyokaribia upande mmoja ndivyo mchango wa upande huo ulivyo mkubwa.

Kesho yake nahodha alitupeleka kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Maji yalikuwa na ukungu wa kahawia, na juu ya matumbawe palitanda vumbi laini lililopeperuka kila tulipopunga mkono. Matumbawe haya nayo yanaweka kumbukumbu. Udongo wa mtoni hushika bariamu. Ukikutana na chumvi huiachia, na tumbawe huijenga ndani ya mifupa yake mahali pa kalsiamu. Mifupa hiyo ina matabaka ya kila mwaka kama pete za mti, kwa hiyo mwaka wa tope jingi husomeka.

Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha usomaji wa tumbawe la hapa Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Kuanzia 1700 hadi 1900 bariamu haikubadilika sana. Baada ya hapo ilipanda mfululizo, na kati ya 1974 na 1980 mmomonyoko ulifika mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Walitaja ongezeko la watu, ukataji wa misitu, matumizi holela ya ardhi na ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1968. Askari wake anaweza kumzuia mvuvi mwenye wavu. Kuhusu shamba la mteremko lisilo na matuta huko Makueni, Ukambani, hana la kufanya. Wala wingi wa watu peke yake si hukumu. Machakos, ambayo maofisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 waliiona imekwisha kuharibika, iliingia miaka ya 1990 ikiwa na watu zaidi ya mara tano, na matuta yamefunika sehemu kubwa ya mashamba yake.

Sasa Bwawa la Thwake linajengwa Makueni, kabla Athi haijakutana na Tsavo. Likijaa litanasa sehemu ya tope la juu, na mchanganyiko unaofika Malindi utabadilika. Vifuko vya mtafiti huyu vitakuwa kipimo cha hali ilivyokuwa kabla. Mpaka hapo, anayepanga bajeti ya kuyalinda matumbawe ya Malindi na aanzie Ukambani, kwa matuta, miti na kingo za mito.