Ndege wa Njia ya Rusumo

Msafiri aondokaye Biharamulo kuelekea mpaka wa Rusumo huwa na mambo mawili moyoni: kufika, na kufika salama. Hofu hiyo ina historia yake. Si miaka mingi iliyopita, mabasi yalikusanywa na kuvushwa mapori haya kwa msafara, chini ya ulinzi wa askari wenye silaha, kwa sababu ya majambazi. Abiria walifunga madirisha na kuinamisha vichwa. Leo njia imetulia, lakini mazoea ya kutotazama nje yamebaki. Makala haya yanamwomba ndugu msomaji afungue dirisha.

Saa bora ya kuanza safari ni baada ya swala ya Alfajiri. Kutoka mjini Biharamulo hadi njia panda ya Lusahunga, kwa kiasi kikubwa msafiri yumo katika nchi ya miyombo. Pori hili lina tabia ya kumhadaa mgeni: huweza kupita nusu saa asione hata ndege mmoja, kisha ghafla mti mmoja ukajaa ndege wa aina nyingi. Katika miyombo ndege wengi wadogo hutembea pamoja wakitafuta wadudu, kwa kuwa macho mengi humwona mwewe mapema kuliko macho mawili. Humu pia anaishi segu, ndege mdogo ambaye humwita mrina asali kwa sauti yake, akitangulia mti kwa mti hadi penye mzinga. Binadamu huchukua asali, naye segu hula nta na majana yaliyobaki.

Baada ya Lusahunga, malori yaendayo Rwanda na Burundi huongezeka, na ardhi huanza kupanda na kushuka kwa milima mirefu yenye majani. Kaskazini imeenea Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Kwenye milima hii mtazame tai azungukaye angani bila kupiga bawa. Ardhi ikipata joto, hewa hupanda na kumwinua. Mwenye kusafiri saa nne asubuhi humwona kwa urahisi kuliko mwenye kusafiri alfajiri. Basi kila saa ina ndege wake.

Kisha msafiri hufika Benaco. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban siku moja wakikimbia Rwanda, na milima hii ikageuka mji wa mahema. Watu waliookoa roho zao walihitaji kuni na nguzo, na hakuna wa kuwalaumu. Wengi wao walirejea kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Visiki vya miyombo huchipua vyenyewe, na apitaye leo huona kijani akadhani pori limerudi.

Hondohondo ndiye shahidi mzuri wa jambo hilo. Jike lake huingia katika tundu la mti mkubwa, likazibwa kwa udongo na kubakia upenyo mwembamba, na dume likawa linalisha kupitia hapo hadi makinda yakue. Mti mchanga hauna tundu la namna hiyo. Palipo na vichaka tupu, chozi na shorewanda watakuwepo, lakini hondohondo atakosa pa kulea. Magunia ya mkaa yanayopangwa kando ya barabara huanzia katika miti ileile mikubwa. Anayehesabu gunia aone pia kwamba limebeba nyumba ya mtu.

Rusumo kuna maporomoko ya mto Kagera, na mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Maji haya huingia Ziwa Viktoria, na kwa njia ya Nile huishia Bahari ya Kati. Kati ya Oktoba na Aprili, wasafiri wengine huwa wamekuja kwa upande wa pili: mbayuwayu, keremkerem na korongo weupe kutoka Ulaya. Korongo huyo hutegemea hewa ya joto ipandayo nchi kavu, kwa hiyo huikwepa bahari pana. Huzunguka kwa Uturuki, Sham na Sinai, kisha hufuata bonde la Nile kuja kusini. Mto unakwenda kule, ndege anatoka kule.

Mwenyeji anayehitaji kutazamwa zaidi ni korongo taji, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi. Tangu mwaka 2012 amewekwa kimataifa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hutaga kwenye mabonde yenye maji na matete, nayo mabonde hayo hulimwa na kukaushwa. Makinda yake hukamatwa na kuuzwa kuwa mapambo ya nyua. Ng'ambo ya mto, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianzisha mwaka 2014 juhudi za kuwakusanya korongo waliofugwa majumbani, na wenye uwezo wa kuruka wakarudishwa porini katika hifadhi ya Akagera. Ndege huyo hajui mpaka. Akitua bondeni kwetu, usalama wake uko mikononi mwetu.

Jambo hili limetufikia hata msikitini. Mkuyu ulio uani umejaa viota vya mnana, na baadhi ya waumini walilalamika, kwa haki, kwamba baraza linachafuka. Kamati ilipokea hoja ya kuukata. Baada ya mjadala mrefu, viatu vimehamishiwa upande wa pili, baraza linaoshwa kila asubuhi, na matawi yaliyo juu ya baraza yatapunguzwa makinda yakisharuka. Mzee mmoja alikumbusha kwamba Qur'ani, katika Suratul-An'am, inawataja ndege kuwa ni umma kama sisi. Mjadala ukaisha hapo.

Kwa atakayesafiri: chukua darubini ndogo ukiweza, usipige picha daraja la mpakani, na usiingie hifadhini bila kibali. Mwanao akae dirishani. Akiuliza jina la ndege nawe hulijui, muulize kondakta au bibi wa kiti cha nyuma. Mara nyingi lipo kwa Kihangaza au Kisubi, na halijaandikwa popote.