Kwa nini China?

Nimeadimika kidogo hapa kibarazani, wadau, mnisamehe. Nilikuwa nahangaika na fomu za kuomba shahada ya uzamili ya masomo ya China, pale Yenching Academy, Chuo Kikuu cha Peking. Madarasa ni kwa Kiingereza, kwa hiyo Kichina changu cha kuombea chai hakikuwa kikwazo. Kilichonitoa jasho ni insha: kwa nini China?

Rasimu ya kwanza niliijaza "urafiki wa kihistoria" na maneno mengine ya hotuba za mapokezi. Hata mimi ilinichosha. Nikampigia babu, Makambako. Ujanani alibeba mataruma ya TAZARA, reli ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Babu, Wachina mlikuwa mnaongea nao nini? Akacheka sana. "Kazi tu, mjukuu wangu. Kuai, kuai! Ikifika saa ya kula, chi fan! Jioni wao kambi yao, sisi yetu. Fundi wangu hata jina lake silijui mpaka leo."

Hilo ndilo nililoliandika. Nataka kusoma walichokiandika wao, nijue walimwonaje babu.

Mhariri wangu kanisainia barua ya mapendekezo, ila kauliza: nikirudi, nitaweza bado kuandika habari mbaya za Wachina? Nikajibu ndiyo. Haraka mno, naona sasa.

Fomu nimeituma jana usiku, umeme umekatika, intaneti ya simu. Nikipata, kazi hii hainisubiri. Mama bado sijamwambia.