Kuba Juu ya Mlima Brocken

Waislamu tumehimizwa kutembea katika ardhi na kuzingatia yaliyowafika waliotutangulia. Kwa nia hiyo, siku moja ya likizo ya kiangazi, sisi wazazi, watoto wetu watatu na bibi yao aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, tulitoka Hannover kwa gari kuelekea milima ya Harz, katikati ya Ujerumani.

Baada ya mashamba mapana ya ngano tulifika Wernigerode, mji mkongwe ambao nyumba zake zina miimo ya mbao inayoonekana kwa nje. Hapo tuliliacha gari, tukapanda gari moshi la mvuke liendalo hadi kilele cha Brocken, chenye urefu wa mita 1,141. Reli hii ina upana wa mita moja, sawa na ile ya Tanga ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893. Bibi aliposikia mlio wa injini alitabasamu. "Huu naujua," akasema. "Ndio uliokuwa ukituita kwenda Korogwe."

Gari moshi lilipanda polepole. Pande zote mbili tuliona misonobari mingi iliyokauka ikiwa bado imesimama, kwani ukame ulioanza mwaka 2018 uliidhoofisha, kisha wadudu watoboao magome wakaimaliza. Chini yake miche michanga ilikuwa imeanza kuchipua yenyewe. Subhanallah.

Kileleni palikuwa na upepo mkali na ukungu. Tulikula kuku na maandazi tuliyofungasha nyumbani, kisha kando ya njia tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kufupisha, kama ilivyoruhusiwa msafiri.

Ukungu ulipopungua, mtoto mdogo alionyesha kidole: "Baba, msikiti!" Kweli, mbele yetu palikuwa na jengo lenye kuba kubwa. Leo ni jumba la makumbusho, na wenyeji nao waliliita msikiti kwa sababu ya kuba hilo. Lakini halikujengwa kwa ajili ya ibada. Lilikuwa kituo cha idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, na chini ya kuba hilo mitambo ilinasa mazungumzo ya watu wa upande wa Magharibi. Mpaka wa nchi mbili ulipita karibu, hivyo tangu mwaka 1961 raia walikatazwa kupanda mlima huu. Waliuona kwa mbali tu, hadi tarehe 3 Desemba 1989, waandamanaji walipofika langoni na kudai lifunguliwe.

Tuliwaeleza watoto kwamba idara hiyo haikutegemea mitambo peke yake. Raia waliporuhusiwa kusoma majalada yao mwaka 1992, wapo waliogundua kwamba aliyekuwa akipeleka habari zao ni rafiki wa karibu, na wengine wakakuta ni mume au mke. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Sasa nyumba kama hiyo hulala vipi?"

Suratul Hujurat inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote katika aya moja. Pale mlimani tulielewa kwa nini mambo hayo yamewekwa pamoja: dhana huzaa upelelezi, na upelelezi hupata cha kusimulia.

Katika behewa, wakati wa kuteremka, binti yetu mkubwa aliuliza kama kufungua simu ya mwenzio kwa siri nako ni kupeleleza. Sisi wazazi tulitazamana, maana swali lilituhusu pia. Tukakubaliana kwamba nyumbani kwetu mwenye wasiwasi atauliza waziwazi, na mwenye kuulizwa atajibu kwa ukweli. Wajibu wa mzazi kumlinda mtoto unabaki palepale, ila utatekelezwa mtoto akijua. Bibi alitaka sharti moja liongezwe: anayejibu ukweli asipigiwe kelele. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuliafiki.