Rupia ya bibi kwenye picha

Mama, kama bibi alikuachia rupia ya fedha ya enzi za Mjerumani, ile yenye sura ya Kaiser Wilhelm II, usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Ule weusi ni utando mwembamba wa fedha iliyoshikana na salfa. Ukiilaza upande chini ya taa unatoa bluu na zambarau, ukiigeuza kidogo tu, kijivu. Ukitaka kuiuza usitume picha moja iliyowaka rangi. Mnunuzi akiishika mkononi atasema umemtapeli. Tuma video ukiigeuza dirishani mchana. Ndo yale yale ya picha za vichanga mnazonitumia WhatsApp, “nesi, macho yake ni ya njano?” Taa ya chumbani inadanganya jamani, mlete kituoni leo leo aonwe.